Pembe Kavu kwa Wembe wa Siku ya Saba

Mi siogopi kujisifu. Wenzangu wa mtaa wa Buyenzi husema anayejisifu ni yule asiye na wa kumsifu. Haya, waseme! Nimefunga nyembe za vinyozi wa mtaa huu tangu miaka ya vita, miaka ambayo wanaume wazima walishindwa hata kufunga milango yao ikafungika, na hakuna kinyozi aliyewahi kunirudishia wembe akisema unatikisika. Mmoja tu ulinishinda, na huo niliukamata mimi kabla mwenye nao hajauona.

Wembe ninaousema si ule mwembamba wa dukani, unaonyoa leo na kesho ukatupwa. Nasema wembe wa kukunja, wa vinyozi, unaolala ndani ya mpini wake. Mpini una mbavu mbili, za pembe au za mbao ngumu, na chuma kinaingia na kutoka katikati yake. Kinachoshika vyote pamoja ni pini moja nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, iliyopita mbavuni na kwenye chuma, ncha zake zimegongwa huku na huku mpaka zikawa vichwa. Pini ikilegea, chuma kinayumba na kujigonga kwenye mpini kila ukikifunga, na makali yanakwisha. Pini ikibana sana, mpini unapasuka. Kwa hiyo mtu akikuambia kinyozi hodari ni mkono tu, mwambie hajui kitu. Kinyozi hodari ni mkono na pini, na pini ni kazi yangu.

Alinifundisha baba. Kibanda chake kilikuwa katikati ya gereji mbili: huku wananyoosha mabati ya gari, kule wanabembeleza injini isiyotaka kuwaka, na baba katikati na kinyundo chake, tik, tik, tik, mpole kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Kaka yangu alipenda injini. Mimi nilipenda ile tik tik. Nyembe zilitoka Buyenzi kote, zilitoka Kibenga, na hata wakubwa wa Kiriri, wenye magari na villa zao kule kilimani, walituma nyembe zao zishuke mpaka kwetu kwenye vumbi. Baba alikuwa anazikunjua mbele yangu, moja ya Kiriri na moja ya mchinjaji wa sokoni, na kuniuliza ipi ya nani. Sikuweza kujua. Alicheka akasema, "Unaona? Pini haijui villa."

Kipimo chake kilikuwa kimoja. Unakunjua wembe nusu, unaushika mpini ukiwa umelala, halafu unaachia chuma. Kikidondoka, pini imelegea. Kikiganda, imebana. Kinatakiwa kushuka chenyewe, polepole. "Ushuke kama mugeni mwenye adabu anavyokaa kwenye kiti," alisema baba. "Asijitupe, asisimame kutushangaa."

Vifaa vyake naweza kuvitaja nikiwa nimefumba macho. Kinyundo cha fundi viatu, uso wake umesuguliwa ukawa mviringo, maana uso bapa unalaza pini upande. Fuawe yake haikuwa fuawe, ilikuwa pini ya pistoni ya lori, chuma kigumu kinachong'aa, aliyoiokota kwenye gereji ya jirani. Kekee ndogo ya kutoboa aliitengeneza kwa ubavu wa mwavuli. Na tupa kubwa, yenye mpini mrefu wa ncha ya pembe, wa kushika kwa mikono miwili. Mpini huo ulikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Kidole gumba cha baba kilikuwa kimeuchimba shimo dogo, laini, kwa miaka yote aliyosukuma tupa ile.

Baba alikufa katika miaka ya vikwazo, wakati mipaka imefungwa na hata sabuni inatafutwa. Alikufa kwa kifua chake, kitandani kwake, si kwa risasi, na wakati ule watu walitupa pole huku wakituonea wivu kidogo. Arobaini haijaisha, vinyozi wakaanza kuja kuchukua nyembe zao. Walikuja kwa heshima, wakinisalimu vizuri, halafu, "Binti, ule wembe wangu mi naubeba tu." Wakaubeba tu!

Aliyenikera zaidi ni baba mdogo, ndugu ya baba, mwuza vipuri. Kila siku alileta kasha moja la viatu vya breki na kuliweka kibandani kwetu. Leo moja mlangoni, kesho jingine chini ya meza, mpaka nikawa nafanya kazi magoti yamebanwa. Siku mke wa kaka yangu alipojifungua mtoto wa kike, baba mdogo alikuja na kasha, akalikalia, akasema mbele yangu:

"Sikia, mama. Mi sikuchukii. Lakini fundi wa wembe mwanamuke we ulimuona wapi? Mutu ataweka shingo yake chini ya kazi yako?"

"Atakuja mutu, baba mudogo."

"Basi atakuja. Akika ya mutoto ikipita, kama hakuna kinyozi hata mumoja ameleta wembe kwako, hii pahali naweka breki zangu."

Siku saba, basi. Sikulia mbele yake, ng'o. Nililia alipoondoka, nikafuta machozi, nikapaka mafuta vifaa vyote vya baba ingawa havikuwa na kutu.

Kesho yake akaja mzee kinyozi wa kona ya msikiti. Huyu ndiye aliyenyoa watoto wetu siku ya saba, nywele zile za tumboni. Alininyoa mimi, alimnyoa kaka, na katika miaka ile watu walipokuwa wakiulizana umetoka kilima gani ili wajue wewe ni wa upande gani, yeye hakumuuliza mtu ila kama anataka ndevu zibaki au ziondoke. Mdomo wake sasa! Mkali kuliko wembe wake. Alikuja na wembe ndani ya leso, na pembe ya ng'ombe kwapani.

"We binti, baba yako alinidanganya."

"Alikudanganya nini, Muzee?"

"Aliniambia mi ndiye nitatangulia kufa." Akafungua leso. "Sasa ona. Nimempa mutu wa gereji, ameniwekea musumari!"

Nikaona. Loo, niliona haya kwa niaba ya yule mtu. Msumari wa chuma, mnene, umepigwa kwa nguvu kama anafunga kasha la samaki. Chuma kigumu hakikubali kutambaa na kuwa kichwa, kinasukuma tu, na mpini wa zamani ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye tundu mpaka katikati.

"Siku ya saba ya mutoto wa kaka yako ni mi nitanyoa," alisema. "Na nataka mupini utoke humu." Akaweka pembe mezani. "Ni ng'ombe yetu ya Idi. Tuliichanga watu saba, nikachinja mi mwenyewe. Iko na baraka."

Niliigonga pembe mezani. Pembe kavu inalia. Mbichi inanyamaza. Hii ilinyamaza. Idi ilikuwa imepita miezi miwili tu, na baba alikuwa anasema pembe iachwe ining'inie mpaka masika mawili yapite. Nilijua. Wallahi nilijua. Lakini baba mdogo alikuwa amekwisha kuja asubuhi ile, amekaa pale pale kwenye kasha lake, ameegemea ukuta, anasikiliza. Nikimwambia mzee hii haifai, ataondoka na wembe wake, na mimi nitabaki na breki. Halafu pembe ya Idi, nani anakataa baraka uso kwa uso? Neno lilifika kwenye ulimi nikalimeza.

"Nitafanya, Muzee. Njoo siku ya sita baada ya alasiri."

Pini ndiyo niliyoichagua kwa akili zangu zote, na ninaringa nayo mpaka leo. Jirani wa gereji, mwenye roho nzuri, aliniletea spoku ya baiskeli. Nikamrudishia: chuma kigumu, ndugu yake msumari. Fundi umeme akanipa waya mwekundu wa shaba. Ule ni laini mno, unapiga kichwa kizuri, lakini wembe ukifunguliwa mara mia pini imelika. Kijana mmoja wa mtaa akaja na maganda ya risasi mfuko mzima, akasema hii ndiyo shaba nzuri, imejaa barabarani bure. Nilimfukuza! Kwanza ukikutwa nayo kwenye kizuizi utaeleza nini? Pili, kitu kile kikaguse kichwa cha mtoto wa siku saba? Apana, apana, apana.

Nilichotaka ni shaba ya njano ya kuchomea, ile fito nyembamba ambayo mafundi wa gereji wanaiita bageti. Si ngumu, si laini, ukiigonga inatambaa taratibu na ikishatulia haiondoki. Kwa sababu ya vikwazo bageti zilikuwa zimekwisha Buyenzi nzima. Nikapita gereji moja moja, nikiinama chini ya meza za watu kama kuku anayetafuta punje, mtaka cha mvunguni sharti ainame, mpaka nikapata kipande cha urefu wa kidole, kimeungua ncha moja. Nilikisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Vipete viwili vidogo vya kukaa chini ya vichwa vya pini nilivikata kwenye kitasa kibovu cha baba mwenyewe.

Nikapasua pembe, nikaipasha juu ya makaa, nikaipaka mawese, nikaibana kwenye jiliwa mpaka ikanyooka. Nikachonga, nikatoboa, nikagonga. Siku ya nne wembe ulikuwa mzuri ajabu, mpini una rangi ya chai ya maziwa, chuma kinashuka kama mgeni mwenye adabu. Nikautundika nikauangalia jioni nzima. Nilijiona fundi kuliko baba, Mungu anisamehe.

Siku ya sita asubuhi nikajaribu kuukunjua. Haukukunjuka.

Nilivuta kwa kucha. Ubavu mmoja wa mpini ulikuwa umejikunja kwa ndani kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa, umekumbatia chuma, na makali yalikuwa yameanza kula pembe. Ubichi ulikuwa umetoka, na ulipotoka pembe ikakumbuka umbo lake la kichwani kwa ng'ombe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilijiambia hivyo kwa sauti, nikajitukana na matusi mengine ambayo sitayaandika. Hasira yangu haikuwa kwa pembe. Pembe iliniambia ukweli siku ya kwanza nilipoigonga, mimi ndiye niliyenyamaza.

Baba mdogo akaingia na kasha. "Vipi, mama? Muzuri?"

"Muzuri," nikasema, nikaufunika wembe kwa khanga.

Pembe kavu ningeipata wapi siku ile? Wachinjaji walikuwa na za jana. Mbao inataka kulowekwa mafuta majuma, isipofanyiwa hivyo inavimba kwa maji ya kinyozi. Nilikaa kwenye kigoda cha baba, mikono mapajani, macho yanazunguka kibandani: jiliwa, kinyundo, kekee, tupa.

Tupa.

Nilisema apana kwa mdomo, peke yangu, mara kadhaa. Halafu nikaichukua, nikaigonga mezani upande wa mpini. Ikalia! Ikalia vizuri kama glasi ya chai. Pembe ya ng'ombe wa babu, iliyokauka kabla sijazaliwa, imenywa jasho la baba miaka yote hiyo. Ilikuwa imepinda kidogo tu, jinsi mipini ya nyembe inavyopenda kupinda. Na katika kibanda kile, kitu pekee kilichokuwa bado na mkono wa baba kilikuwa hicho. Vifaa vingine vingeweza kuwa vya mtu yeyote.

Nikauchomoa mpini. Nikaupasua kwa msumeno, na ninakubali, nililia mpaka nikashindwa kuona mstari, nikangoja, nikaendelea. Tupa sasa ilikuwa uchi, na bila tupa sichongi. Nikatoka, nikaenda kwa mama anayechoma mahindi pale njiani, nikaomba kigunzi kikavu, nikakichomeka. Kwa kigunzi hicho nikaishika tupa, nikauchonga mpini wake wenyewe. Mahali pa kidole gumba cha baba sikupagusa. Nilipaacha upande wa nje, karibu na pini, pale kidole cha kinyozi kinapokaa.

Alasiri mzee akaja. "Lete."

"Bado, Muzee. Kesho asubuhi nitauleta kule kule kwenye akika."

"Bado? Mbele ya watu ndiyo nitaufungua mara ya kwanza? We binti, uko na akili?"

"Mbele ya watu, Muzee."

Aliondoka akinung'unika mpaka kona, na baba mdogo akamsindikiza kwa kicheko. Usiku ule nikatoboa mbavu mpya, nikazifunga kwa kipande cha bageti kilichobaki.

Siku ya saba ua wa kaka ulijaa. Majirani wa kila namna, maana Buyenzi haikubali mtu ale peke yake, na miaka ile ilikataa zaidi. Mtoto amevishwa nyeupe, mama yake amemshika mapajani, bakuli la maji pembeni. Mzee akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa wembe.

Akaushika. Kidole gumba chake kilikuwa kimeingia kwenye lile shimo. Akakitoa, akakirudisha.

"Hii si pembe yangu."

Watu wakageuka. Baba mdogo akasogea mbele ili asikie vizuri.

"Si yako, Muzee," nikasema, na sauti yangu sikuificha. "Pembe yako ilikuwa mbichi. Nilijua siku ulipoileta na sikukuambia, niliogopa utaenda. Imepinda, iko humu kwenye kikapu. Hiyo uliyoshika ni mupini wa tupa ya baba."

Alikunjua wembe nusu, akalaza mpini, akaachia chuma. Kikashuka. Polepole, kikakaa. Akarudia, kikakaa tena. Akautikisa karibu na sikio lake, akasikiliza kama mtu anayesubiri mbu. Hakuna kitu.

"Mwizi we," akasema taratibu. "Umenipa mukono wa muzee mwenzangu."

Akapitisha makali kwenye mkanda wake, bismillahi, akaanza. Mtoto alilia mwanzo, halafu akalala huku akinyolewa. Nywele zikaanguka kwenye kitambaa, zote, na kichwa kikabaki safi kama yai, bila hata tone la damu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mi sikupiga, nilikuwa nautazama wembe.

Mzee akaosha wembe, akaufuta. Nilidhani ataukunja. Akamwangalia baba mdogo.

"We, njoo. Ukae hapa."

"Mi? Mi nimenyolewa juzi, Muzee."

"Ukae."

Kwa mzee yule hukatai. Baba mdogo akakaa. Mzee akampaka sabuni, akamwinua kidevu kwa kidole, akauweka wembe chini ya koromeo lake, akasimama hapo.

"Iko inatikisika?"

"A... apana."

"Ni nani aliufunga?"

"Binti wa kaka yangu."

"Shingo yako iko wapi?"

Watu wakaanza kucheka chini kwa chini. Baba mdogo alimeza mate, na tuliliona koromeo likipanda na kushuka chini ya chuma.

"Chini ya kazi yake."

"Na kibanda ni cha nani? Sema na nguvu, mi masikio yangu imezeeka. Lakini usitikisike."

"Chake!"

Vicheko vilivyolipuka pale, hata walinzi wa kizuizi cha barabarani walikuja kuchungulia juu ya ukuta. Mzee akamnyoa vizuri, mashavu yote mawili, na baba mdogo akainuka mzuri kuliko alivyokuja. Na mimi nilisimama pale uani kwa kaka, khanga yangu ina vumbi la pembe, nikajisikia mrefu. Sikuwahi kujisikia mrefu namna ile, wala sijui kama nitawahi tena.

Kesho yake niliporudi kibandani makasha yote yalikuwa yameondoka, sakafu imefagiwa. Juu ya meza, kando ya tupa yenye kigunzi, kulikuwa na leso imefungwa. Nikafungua. Ulikuwa wembe wa ndevu wa baba mdogo mwenyewe, pini imelegea.

Nikakaa kwenye kigoda, nikashika kinyundo, nikaufunga.